Picha ya "tauni ya Ulaya" yenye nyuso za vidoa vyekundu: je, inafaa kuonyeshwa darasani?

Mwalimu wa Historia (ameanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Ninafundisha historia Kidato cha Tano, na wiki ijayo tunaingia kwenye kuporomoka kwa ukabaila Ulaya, mada ambayo huwezi kuifundisha ukairuka tauni ya miaka ya 1347 hadi 1351. Shule yetu ina projekta moja, na siku ambayo umeme upo hupenda kuanza kipindi kwa picha, kwa sababu nimeona kwamba wanafunzi wakianza kwa kutazama, maswali yao huwa mazito kuliko wakianza kwa kunakili ubaoni. Katika kutafuta, nimekutana na mchoro mmoja wa rangi ambao unajirudia karibu kila ninapofungua. Askofu aliyevaa kofia yake ndefu ameinua mkono, na mbele yake wako watu kadhaa wenye mavazi ya kidini ambao nyuso na mikono yao imejaa vidoa vyekundu. Maelezo ya chini hutofautiana maneno, lakini yote yanasema jambo lile lile: hawa ni wagonjwa wa tauni wanaobarikiwa na kasisi.

Yako mambo yanayonizuia kuutumia. Vitabu vyote ninavyovijua vinasema dalili kubwa ya tauni ni mitoki, yaani uvimbe wa kinenani, kwapani au shingoni, wala si vidoa vilivyotawanyika usoni kama surua. Halafu nyuso zenyewe zinafanana mno, utadhani ni uso mmoja uliochorwa mara kadhaa, na zimetulia kabisa. Mwaka jana niliwaonyesha wanafunzi picha nyingine ya namna hiyo, na binti mmoja wa dawati la nyuma akaniuliza, "Mwalimu, mbona hawaumwi?" Sikuwa na jibu, na swali lile sijalisahau mpaka leo.

Naomba mnisaidie. Mchoro huu ni wa tauni kweli? Na kwa kuwa karibu kila picha ya kale ya ugonjwa ina askofu, mtakatifu au pepo ndani yake, mtu anawezaje kujua kwamba mbele yake kuna picha inayoonyesha ugonjwa na si mahubiri tu?

Mtunza Nyaraka

Mwalimu, umefanya vyema kusita. Mchoro huo si wa tauni hata kidogo. Ni wa ukoma, na kosa la kuuita tauni limeenea kiasi kwamba mwaka 2014 mwanahistoria wa tiba Monica Green na wenzake wawili walichapisha uchambuzi kamili wa jinsi lilivyotokea na lilivyosambaa.

Umetoka katika kitabu kiitwacho Omne Bonum, maana yake "Kila Jema", ambacho ni ensaiklopidia kubwa ya Kilatini iliyoandikwa London kati ya miaka ya 1360 na 1375 hivi. Mwandishi wake ni James le Palmer, karani katika hazina ya mfalme wa Uingereza, na kitabu chenyewe kiko British Library. Mada zake zimepangwa kwa alfabeti, na picha nyingi zimechorwa ndani ya herufi kubwa inayofungua mada. Picha yako imo ndani ya herufi C ya neno clericus, yaani kasisi, na maandishi yanayoifuata hayasemi lolote kuhusu mlipuko wa maradhi. Yanajadili swali la sheria ya Kanisa: kasisi aliyedhoofishwa na ugonjwa aruhusiwe kuendelea na huduma au asiruhusiwe? Kwa hiyo askofu yule hawabariki watu walio katika kukata roho. Anawapa maelekezo makasisi wenye ukoma kuhusu kazi yao. Kosa lilizaliwa pale mchoro ulipokatwa kutoka kwenye ukurasa na maandishi yakaachwa nyuma, kisha kila aliyeupokea akaona vidoa, akakumbuka karne ya 14, akaandika "tauni".

Hii si picha pekee iliyopatwa na hilo. Iko nyingine maarufu, ya Biblia ya Toggenburg ya mwaka 1411, ambayo sasa iko Berlin. Inaonyesha mwanamume na mwanamke kitandani, miili imejaa uvimbe, nayo imeandikwa tauni katika vitabu vingi vya heshima. Ukirudi kwenye Biblia yenyewe unakuta kwamba mchoraji alikuwa anachora Kutoka sura ya 9, pigo la majipu lililowapata Wamisri.

Hata yule daktari mwenye kinyago cha mdomo wa ndege, ambaye wanafunzi wako bila shaka wameshamwona, mpeleke mahali pake. Mchoro wake unaojulikana zaidi ulichapishwa Nuremberg na Paul Fürst mwaka 1656, ukiwasema waganga wa Roma kwa mashairi ya kejeli, na hiyo ni karne tatu baada ya tauni unayoifundisha.

Ukitaka picha iliyotoka kwa watu walioiishi tauni ile, nakushauri utumie ile ya Tournai, mji ambao leo uko Ubelgiji. Imo katika kumbukumbu za abate, yaani mkuu wa monasteri, Gilles li Muisis, ilichorwa na Pierart dou Tielt, na inahusu maziko ya mwaka 1349. Hakuna mgonjwa hata mmoja ndani yake. Kuna watu waliobeba majeneza wakija kwa msongamano, jeneza nyuma ya jeneza, na upande wa pili wengine wanachimba makaburi. Mchoraji hakujaribu kuonyesha ugonjwa unavyokaa mwilini. Alionyesha kile ambacho mji mzima ulikiona, yaani kazi ya kuzika isiyokwisha. Kwangu mimi hiyo ni picha ya kweli ya tauni kuliko vidoa vyote.

Muuguzi Mstaafu

Mwalimu, na mimi niongeze kidogo kutoka upande wa wagonjwa, maana nilihudumu kliniki ya ukoma na kifua kikuu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu.

Hata kama mchoro huo ni wa ukoma, haufanani na ukoma. Ukoma mara nyingi huanza kwa baka, lililopauka au lenye wekundu kidogo, ambalo halina hisia. Tulikuwa tukimketisha mgonjwa mahali penye mwanga wa mchana, tunamwomba afumbe macho, kisha tunagusa ngozi yake kwa ncha ya pamba iliyosokotwa, naye anaonyesha kwa kidole pale alipoguswa. Ukigusa bega, kidole kinakwenda begani. Ukigusa baka, kidole kinabaki pajani, mtu ametulia akisubiri umguse, na wewe umeshamgusa mara tatu. Jambo hilo mchoraji wa London asingeweza kulichora kwa vidoa.

Ugonjwa usipotibiwa, uso hubadilika kwa namna ambayo ukishaiona huisahau. Vinundu hutokea kwenye paji na mashavuni, ndewe za masikio huwa nene, nyusi hunyonyoka kuanzia upande wa nje, pua hubonyea katikati, na kwa wengine kope hukataa kufumba hata wakiwa usingizini, mpaka jicho linakauka na kupata kidonda. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo katika mchoro wa askofu. Vile vidoa vilikuwa alama iliyokubalika, kama vile ambavyo msalaba mwekundu kwenye gari humwambia kila mtu kwamba hiyo ni gari la wagonjwa bila kumwonyesha mgonjwa aliyemo. Msomaji wa karne ile aliona vidoa, akajua "mwenye ukoma", akaendelea kusoma. Ndiyo maana binti yako aliona hawaumwi. Alikuwa sahihi, kwa sababu mchoraji wa picha za namna hiyo hakukusudia kuchora maumivu.

Ukitaka kuona tofauti, tafuta michoro ya Johan Ludvig Losting wa Bergen, Norwei, katika atlasi ya ukoma iliyotolewa na madaktari Daniel Cornelius Danielssen na Carl Wilhelm Boeck mwaka 1847. Losting aliwachora wagonjwa halisi, mmoja mmoja, kwa rangi. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa michoro ile katika mafunzo, nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa ninazitazama nyuso za kliniki yangu mwenyewe: masikio yale mazito, nyusi zilizokwisha, na macho ya mtu anayejua anatazamwa. Hapo ilikuwa bado miaka 26 kabla Gerhard Armauer Hansen hajaviona vimelea vya ukoma, katika mji huo huo wa Bergen, mwaka 1873. Danielssen aliamini kwamba ukoma ni ugonjwa wa kurithi. Maandishi ya atlasi yalikosea chanzo, lakini mchoro haukukosea uso, na mpaka leo muuguzi anaweza kujifunza kutokana nao.

Nina ombi moja, nalo nalitoa kwa moyo wote. Ukiwaonyesha watoto nyuso hizo, usiwaache watoke darasani wakidhani hayo ndiyo mwisho wa mwenye ukoma. Waambie kwamba mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya dawa mseto, kwamba tiba hiyo huchukua miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ugonjwa, na kwamba dawa hutolewa bure. Usitumie neno "wakoma". Sema watu wenye ukoma, au waliopata ukoma. Nimewahi kumhudumia mama aliyeficha mabaka kwa kanga miaka miwili, si kwa sababu kliniki ilikuwa mbali, bali kwa sababu aliwahi kuona picha za kutisha na akaamini uso wake tayari umehukumiwa. Inawezekana katika darasa lako yupo mwenye bibi au mjomba wa namna hiyo.

Mwana wa Pwani

Mama muuguzi, shikamoo, na ahsante kwa mafundisho haya.

Nataka kusema neno dogo tu kuhusu lugha, kwa sababu nadhani vidoa vile vina ndugu zake katika maneno. Wazee wetu wa Pwani walikuwa na matana, jedhamu na balanga, na ukiwasikiliza, maneno hayo yanaingiliana: huyu anaita balanga ngozi iliyopauka tu bila madhara mengine, yule analitumia neno hilo hilo kwa ukoma wenyewe. Biblia ya Kiswahili nayo, katika Mambo ya Walawi sura ya 13 na 14, inatumia neno ukoma kwa pigo linalompata mtu, lakini pia kwa pigo linalopata vazi na hata kuta za nyumba, jambo linaloonyesha kwamba neno la Kiebrania halikuwa na maana ya ugonjwa mmoja tunaoujua sisi. Tena katika sura hizo anayechunguza ngozi na kutoa hukumu ni kuhani. Mchoraji wa Ulaya aliyelelewa na maandiko hayo alipotakiwa kuchora ukoma, alianza na alichokisoma: alama kwenye ngozi, na mtu wa dini mbele yake. Kwa hiyo askofu hakuingia katika picha kwa bahati; ameingia kupitia andiko.

Mwalimu wa Historia

Nawashukuru sana, na Mama muuguzi, ombi lako nimelipokea. Nitalitekeleza kabla sijawasha projekta.

Lakini sasa nimebaki na shaka nyingine. Kutokana na maelezo yenu ningeweza kuhitimisha kwamba picha ya dini haiwezi kutufundisha lolote kuhusu ugonjwa, na kwamba tusubiri mpaka karne ya 19 ambapo daktari anamwajiri mchoraji. Je, hilo ni sahihi? Na katika eneo letu hili hakuna mchoro wowote wa zamani wa tiba ambao naweza kuuweka kando ya hii ya Ulaya?

Mchoraji wa Mkaa

Mwalimu, hilo la kwanza si sahihi, na naomba nikupe mfano mmoja mkubwa, kwa sababu mimi ni mchoraji na mfano huu nimeishi nao muda mrefu.

Katika kijiji cha Isenheim, karibu na Colmar, Ufaransa, palikuwa na monasteri ya watawa wa Mtakatifu Antoni waliotunza wagonjwa. Kati ya mwaka 1512 na 1516 hivi, Matthias Grünewald aliwachorea altare kubwa yenye mbao zinazofunguka kama milango, ambayo leo iko katika jumba la makumbusho la Unterlinden huko Colmar. Ugonjwa uliowaleta watu kwa watawa hao uliitwa moto wa Mtakatifu Antoni. Leo tunajua ulitokana na kuvu anayeota kwenye masuke ya nafaka iitwayo rai. Mtu akila mkate wa unga ule, mishipa ya damu hujibana, viungo huwaka kama vimewekwa kwenye makaa, kisha huwa vyeusi na kukatika, na wengine hupatwa na degedege na kuona mambo yasiyokuwapo. Wakati ule hakuna aliyejua chanzo. Watawa walimpa mgonjwa chakula kizuri, mafuta ya kupaka, na divai iliyomiminwa juu ya masalia ya mtakatifu wao, na walimleta mbele ya altare ile.

Tazama sasa alichokichora. Kristo msalabani ana ngozi iliyogeuka kijani, imejaa miiba na vidonda, na vidole vyake vimekakamaa vikielekea juu. Pembeni yuko Yohana Mbatizaji, akimwonyesha kwa kidole kirefu kuliko kawaida, na maneno yake ya Injili yameandikwa nyuma ya mkono: yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua. Katika ubao mwingine, ambapo mapepo yanamshambulia Mtakatifu Antoni, chini kushoto ameketi kiumbe ambaye ningependa wanafunzi wako wamtazame kwa dakika nzima. Tumbo limevimba, ngozi imejaa majipu, mkono mmoja umebaki gutu, kichwani ana kofia nyekundu, na miguu yake ina utando kama ya bata. Wataalamu hawakubaliani kama ni pepo au ni mgonjwa. Kona ya pili kuna kipande cha karatasi chenye maneno ya Kilatini: Ulikuwa wapi, Yesu mwema, ulikuwa wapi? Kwa nini hukuwapo uniponye majeraha yangu?

Mtu hawezi kuchora mkono ule akiwa amekaa na kitabu tu. Iwe aliwaona wagonjwa wale wodini au mlangoni, aliwatazama, na kilichomlazimu kuwatazama ni imani yenyewe, kwa sababu alitakiwa kumchora Kristo ambaye mgonjwa wa Isenheim atamtambua kuwa ameumwa kama yeye. Kwa hiyo mimi sigawi picha za kale kwa kusema hii ya dini, ile ya tiba. Ninauliza kama aliyeshika brashi alimtazama mtu, au alitazama picha ya mwenzake. Makasisi wa Omne Bonum wametoka kwenye desturi ya kuchora. Yule wa kofia nyekundu, hata kama ni pepo, ametoka kwa mtu.

Na kwa kuwa Mama muuguzi ametaja kidole, niongeze jambo moja. Albrecht Dürer wa Nuremberg, aliyeishi wakati mmoja na Grünewald, aliwahi kujichora akiwa nusu uchi, mkono wa kulia umevuka kifua na kidole kimeelekezwa ubavu wa kushoto, mahali alipoweka doa la njano. Juu yake ameandika kwamba pale penye doa la njano, anapoonyesha kwa kidole, ndipo panapomuuma. Huaminika kwamba ulikuwa mchoro wa kumpelekea daktari, na sasa uko Bremen. Ni mchoro mdogo, wa kalamu na rangi kidogo, na hauna mtakatifu wala askofu. Kisha tafuta mchoro wake wa mkaa wa tarehe 19 Machi 1514, uso wa mama yake mzazi akiwa na miaka 63, mama aliyezaa watoto 18. Mifupa ya paji imejitokeza, shingo imekonda mpaka mishipa inahesabika. Mwezi Mei mwaka huo huo mama alifariki, naye Dürer akarudi kwenye karatasi ile ile na kuongeza kwa wino siku na saa ya kifo. Mimi hutumia mkaa kila siku, na sijawahi kuuona mstari wa shingo ile bila kusimama.

Mkazi wa Bukoba

Kuhusu eneo letu, Mwalimu, upo mchoro ambao nadhani kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki angepaswa kuuona.

Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa amekuja Uganda na wamisionari, alishuhudia upasuaji wa uzazi mahali panapoitwa Kahura, katika ufalme wa Bunyoro. Alichapisha maelezo yake mwaka 1884 katika jarida la madaktari la Edinburgh, pamoja na michoro: mama amelazwa kwenye kitanda kilichoinamishwa, mganga na wasaidizi wake wako pembeni, kisha kisu chenyewe na kidonda kilivyofungwa.

Maelezo yake yanaeleza mambo ambayo mchoro peke yake usingeyasema. Mama alikuwa na miaka ipatayo 20, ikiwa mimba yake ya kwanza, naye alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa kiasi. Mganga alitamka maneno ya kuomba akiwa ameinua kisu, kisha akanawa mikono na kuosha tumbo la mama, kwanza kwa pombe ya ndizi, halafu kwa maji. Alikata mara moja kwa haraka, na msaidizi akagusa sehemu zilizotoka damu kwa chuma cha moto. Mtoto alipotolewa, mganga alilikamata tumbo la uzazi kwa mikono miwili na kulikamua mpaka likajikaza. Kidonda kilifungwa kwa pini saba za chuma zilizosuguliwa vizuri, zikazungushiwa uzi wa mbugu, yaani kitambaa cha gome la mti, juu yake wakapaka mizizi iliyotafunwa na kufunika kwa jani la mgomba lililopashwa moto. Saa mbili baada ya upasuaji mtoto aliwekwa kwenye titi. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona.

Hapa pia dini na tiba vimekaa mahali pamoja, maana dua na kunawa mikono vilifanywa na mtu yule yule, mmoja baada ya mwingine, na Felkin aliandika vyote viwili. Ninachosikitika ni kwamba alipima joto la mgonjwa usiku wa pili na kuhesabu pini zilizotolewa siku ya tatu, ya tano na ya sita, lakini hakutuachia jina la mama yule wala la mganga. Dürer tunamjua kwa jina na mama yake tunamjua. Mwalimu, ukiiweka michoro hiyo kando kwa kando, naomba hilo nalo ulitaje.

Mwalimu wa Historia

Nitalitaja, ndugu yangu.

Nimeamua kutouondoa mchoro wa askofu. Nitauonyesha kwanza bila maelezo yoyote, nitawaacha wanafunzi waandike wanachokiona, na baada ya hapo nitaonyesha ukurasa mzima wenye herufi C na kuwasomea swali la kasisi aliyedhoofika. Kisha nitaleta majeneza ya Tournai kwa ajili ya tauni yenyewe, na mmoja wa wagonjwa wa Losting pamoja na maelezo ya tiba kama Mama muuguzi alivyoagiza. Altare ya Isenheim, mchoro wa mama wa Dürer na upasuaji wa Kahura nitaviwekea kipindi cha pili, kwa sababu dakika 40 hazitatosha na sitaki kuvipitia mbio.

Maelezo ya chini ya picha ya kwanza nimeshayaandika upya hivi: "Askofu akiwaelekeza makasisi wenye ukoma. London, kati ya 1360 na 1375 hivi. Vidoa ni alama; mchoraji hakukusudia kuonyesha maumivu." Binti aliyeniuliza mwaka jana sasa yuko Kidato cha Sita. Nimeomba ruhusa kwa mwalimu wake aje akae dawati la nyuma siku hiyo.